Buibui Hajakuvamia, Umemwashia Taa

Mvua ikinyesha wiki mbili mfululizo huku Garsen, najua kabisa ni maswali gani yataingia kwa simu yangu. La kwanza ni la barabara: imekatika wapi? La pili ni la stima: itarudi lini? La tatu huja na sauti ya kilio, na huwa latoka kwa wasee wa rika langu: "Buibui wamejaa kwa nyumba, niwamalize na nini?" Halafu kwa komenti mtu anajibu kama daktari: nunua dawa ya kupuliza, funga madirisha, maliza mkebe mzima, toka nje saa moja, ukirudi fagia maiti.

Huo ushauri siukubali, na ndiyo maana leo nimeketi kuandika badala ya kurekodi klipu ya sekunde thelathini. Maoni yangu ni haya. Buibui akiingia ndani hajapotea njia. Kuna kitu kimemvuta, na mara nyingi kile kitu umekiweka wewe mwenyewe. Ukitaka apungue, ondoa kile kitu. Na kwa sisi watu wa Tana River hasa, kummaliza buibui kwa sumu ni kupigana na mtu aliye upande wetu huku adui mwenyewe ametulia ukutani anangoja ulale.

Kama unataka njia za kumpunguza tu, ziko huko chini, teremka, sitakasirika. Lakini usipoelewa kinachomleta, utafagia utando leo na wiki ijayo utaukuta palepale.

Anafuata nini ndani?

Chakula. Hilo ndilo jibu la kwanza na ndilo kubwa. Buibui hali ugali, hali nguo, hana haja na sukari yako. Anakula wadudu. Sasa fikiria Garsen saa moja jioni, mvua imekatika, ardhi bado mbichi. Karibu kila mlango una balbu nyeupe inayowaka nje. Kumbikumbi wanatoka ardhini kwa maelfu, nondo wanakuja, usubi wanakuja, mbu wapo tayari. Wote wanazunguka ile taa, na mlango uko wazi kwa sababu ya joto. Kwa buibui, hapo umefungua hoteli na kuweka bango la neon. Atakuja kukaa pembeni mwa mlango, na wadudu wakiingia ndani naye anaingia nyuma yao.

Jibu la pili ni maji. Mto Tana unaanza kwenye miteremko ya Mlima Kenya na Aberdare, unapita kwenye mabwawa ya Seven Forks, Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, kisha unateremka Garissa, Hola na Garsen hadi baharini upande wa Kipini. Mabwawa ya juu yakijaa na kuanza kumwaga, sisi wa chini tunaambiwa tuhame. Tuliona Novemba 2023 na mvua za El Niño, tukaona tena Aprili na Mei 2024 kabla hata vidonda havijapona. Sasa maji yakifunika nyasi, mashimo na vichaka, viumbe wote wanaoishi chini wanatafuta mahali pa juu. Nyoka wanapanda. Nge wanapanda. Buibui wanapanda. Na sehemu iliyoinuka zaidi kwenye eneo zima mara nyingi ni ukuta wako, paa lako, au lile tuta la barabara ambako familia zimepiga mahema. Mtu wa kwenye hema analalamika kwamba buibui wamemfuata. Hawakumfuata, wamekimbia maji yaleyale aliyoyakimbia yeye.

La tatu ni mapenzi, na sifanyi mzaha. Kwa aina nyingi za buibui, jike hutulia na utando wake, dume akikomaa ndiye anayetoka kuzurura kumtafuta. Yule buibui unayemwona akikimbia sakafuni usiku kama amechelewa matatu, mara nyingi ni dume aliye kwenye shughuli zake. Hakufukuzi. Hata hajui upo.

La nne watu hawalipendi: wengine hawajaingia kutoka popote. Wamezaliwa hapo hapo. Mfuko mmoja wa mayai unaweza kutoa watoto makumi, wengine hata mamia, na baadhi yao hurusha uzi hewani wakachukuliwa na upepo mpaka dirisha la jirani. Wale wembamba wenye miguu mirefu wanaoning'inia kwenye pembe za dari, na wale bapa wanaojibandika ukutani kama stika, wamezoea kabisa kuishi na watu. Ukisema "warudi kwao", kwao ni hapo nyuma ya kabati.

Nasisitiza haya kwa sababu ushauri mwingi unaosambaa mtandaoni umeandikwa na watu wa nchi za baridi. Uingereza, kwa mfano, buibui huonekana sana ndani kuanzia mwisho wa Agosti hadi Oktoba, kwa sababu huo ndio msimu madume yao yanapozurura. Mtu wa Mombasa au Garsen anasoma, anaamini, anangoja Septemba. Kwetu kalenda ni mvua. Mvua inaleta wadudu, wadudu wanaleta buibui.

Je, ni hatari?

Karibu buibui wote wana sumu, maana ndiyo silaha yao ya kuua mdudu. Lakini wengi meno yao ni madogo, sumu yenyewe imetengenezwa kwa ajili ya nzi, na hawana sababu ya kukuuma mpaka uwabane kwa mwili. Wapo wachache wa kuchunga. Yule wa jamii ya Latrodectus, mwenye tumbo la mviringo linalong'aa, anaweza kukuumiza vibaya. Yeye hupenda kujificha chini ya mawe, kwenye kuni na kwenye vitu visivyoguswa. Kwa hivyo usiingize mkono gizani kwenye rundo la kuni, na kung'uta viatu kabla ya kuvaa si ushamba, ni akili. Ukiumwa na kitu na ukasikia misuli inakaza, unatokwa jasho au unapumua kwa shida, nenda hospitali. Usije kwa komenti zangu.

Lakini kuna kesi moja inanichosha. Mtu anaamka na alama nyekundu shingoni, imechomeka kama amemwagiwa maji moto, na hapohapo anaandika, "Buibui amenikojolea." Manze, buibui wa watu hajafanya kitu. Mara nyingi huyo ni Nairobi fly, yule mdudu mwembamba mwenye mikanda ya rangi ya machungwa na nyeusi. Haumi wala hachomi. Ana kemikali mwilini, na ukimponda juu ya ngozi inamwagika na kuunguza, kisha alama hujitokeza baadaye, ukiwa umeshasahau. Yeye ni jamii ya mbawakawa, anazaana sana mvua ikinyesha, na anavutwa na nini? Taa. Ileile taa. Akikutua, mpulize atoke, usimpige kofi, halafu osha mahali pale kwa sabuni. Buibui ameoga lawama za mdudu mwingine kwa miaka.

Habari kutoka Mbita

Wengi wenu mko Nairobi, Mombasa, Kisumu, na sidhani kama mmewahi kusikia hii, ingawa ni hadithi ya Kenya kabisa. Kule Mbita, kando ya Ziwa Victoria, kuna kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe. Watafiti waliofanya kazi huko, akiwemo Robert Jackson wa New Zealand, walichunguza buibui mdogo anayeruka, anayeishi karibu na nyumba za watu na hata ndani yake. Jina lake la kisayansi, Evarcha culicivora, lilitolewa 2003. Mwaka 2005 wakachapisha kile walichogundua: huyu buibui akipewa wadudu wa kila aina, anachagua mbu jike aliyekwisha kunywa damu. Anataka damu, ila hana mdomo wa kukutoboa wewe. Kwa hivyo anamngoja mbu akutoboe, kisha anamla mbu. Na kati ya mbu wote, hasa akiwa mdogo, anawapenda zaidi Anopheles, hao hao wanaobeba malaria.

Bado. Mwaka 2011 wakaonyesha kwamba harufu ya soksi zilizovaliwa na mtu inamvuta kuliko soksi safi. Yaani soksi zako ambazo mama anakupigia kelele kila siku, kuna kiumbe Kenya hii anaziona kama ramani: palipo na mtu, pana mbu, palipo na mbu pana chakula.

Sasa nisikize vizuri kabla hujakimbia kutengeneza vidio. Huyo buibui anajulikana kutoka eneo la Ziwa Victoria, Kenya na Uganda. Sijasema yuko Garsen. Wala sijasema ukifuga buibui utakinga malaria. Buibui wa kawaida wa nyumbani anakula kinachonaswa: mbu, nzi, nondo, hata buibui mwenzake. Hachagui. Chandarua chenye dawa ndicho kinga yako, na hakuna buibui atakayekushikia kazi hiyo. Ninachosema ni kidogo zaidi, na ndicho kigumu kukipinga: kila mdudu anayekwisha kwenye utando ule ni mdudu mmoja ambaye hatakuwa kwenye shingo yako.

Kwingine wamewahi kuuona huo upande. Mwaka 2010 mafuriko makubwa yalifunika sehemu kubwa ya Pakistan. Kule Sindh, maji yalichukua muda mrefu kupungua, na buibui walipanda mitini kwa mamilioni hadi miti ikageuka kama mashada ya pamba. Picha zake zilizunguka dunia nzima, na watu walizicheka na kuziogopa. Lakini wenyeji walieleza kwamba mahali pale mbu walionekana wachache kuliko walivyotarajia, ukizingatia maji yote yale yaliyotuama. Hayo ni maelezo ya watu, si hesabu ya maabara, na nayachukua hivyo. Hata hivyo, mtu yeyote wa Garsen aliyelala karibu na maji ya mafuriko anajua mbu wachache maana yake ni nini.

Kwa nini mbu ndiye nina vita naye

Huku kwetu mbu si kero ya kuwasha tu. Mwisho wa 2006 kuingia 2007, baada ya mvua kubwa, homa ya Bonde la Ufa ililipuka kaskazini mashariki mwa Kenya na kushuka mpaka Tana River. Mayai ya aina fulani za mbu hukaa ardhini muda mrefu yakingoja mafuriko, maji yakija yanaanguliwa kwa pamoja. Ugonjwa ukapiga mifugo kwanza, ng'ombe wakatupa mimba, kisha ukaingia kwa watu kupitia mbu na kupitia damu ya wanyama wagonjwa. Zaidi ya watu 150 walifariki Kenya. Kwa Waorma, ambao ng'ombe ndiye benki, karo na mahari, ilikuwa hasara juu ya msiba. Hiyo ni mbali na malaria, ambayo haingoji mafuriko makubwa.

Kwa hivyo nikiona kijana anamaliza mkebe wa dawa kwenye pembe ya dari kwa ajili ya buibui wanne, halafu usiku analala na chandarua kimefungwa fundo juu kama kilemba kwa sababu "kinaleta joto", napata shida kunyamaza.

Tuiangalie hiyo dawa yenyewe. Kwanza, buibui ni mgumu kuua kwa dawa iliyopakwa tu ukutani. Anatembea kwa ncha za miguu, mwili umeinuka, kwa hivyo anaigusa kidogo sana kuliko mende anayeburuta tumbo. Ili umuue lazima umpige moja kwa moja, na kama unaweza kumpiga moja kwa moja, basi hata ufagio ungetosha. Pili, ukimuua na taa bado inawaka nje, nafasi yake itachukuliwa na mwingine. Tatu, ile hewa ni ya nani? Ni ya mtoto anayetambaa chini, ni ya mtungi wa maji usiofunikwa, ni ya sufuria zilizo wazi. Nne, dawa nyingi za aina hii ni sumu kali kwa samaki. Mkebe ukitupwa mtaroni au matambara yakifuliwa mtoni, kambare hawezi kukuandikia komenti, lakini anakufa.

Kama unadhani hoja ya "usimuue anayekula adui yako" ni maneno ya watu wa mazingira tu, uliza wakulima wa mpunga. Indonesia miaka ya themanini walipulizia mashamba dawa nyingi sana. Zile dawa ziliua buibui na wadudu wengine wanaokula wadudu waharibifu, na mdudu mmoja mdogo anayefyonza mpunga akarudi kwa kishindo, maana hakuna aliyebaki wa kumla. Mwaka 1986 serikali yao ikapiga marufuku aina 57 za dawa kwenye mpunga. Na sisi huku delta tunalima mpunga, wazee wetu wa Kipokomo wamelima kando ya mto huu kabla hata neno "mradi" halijafika. Hilo somo si la Asia peke yake.

Sasa mpunguze hivi

Sikuambii ulale na buibui kitandani. Nyumba ni yako. Hizi ndizo njia ninazozishauri, kuanzia ile yenye nguvu zaidi.

Kwanza, taa. Zima ile ya nje isipokuwa unaihitaji. Ukihitaji kwa usalama, badilisha balbu nyeupe uweke ya manjano, maana wadudu wengi huvutwa zaidi na mwanga mweupe wenye ubluu. Au isogeze, iwe mbali na mlango, imulike mlango badala ya kukaa juu yake. Fanya hivi wiki moja tu uone tofauti.

Pili, maji na takataka. Ndoo, matairi, vifuu vya nazi, makopo, yote yanayoshika maji nyuma ya nyumba, mwaga na ugeuze. Mabaki ya chakula funika. Wadudu wakikosa, buibui anahama mwenyewe, hana mkataba wa kupanga.

Tatu, nafasi. Kama ni nyumba ya mawe ya kupanga, ziba nyufa kwa simiti, weka kitambaa kilichoviringishwa chini ya mlango usiku, weka wavu kwenye dirisha. Wavu huo unazuia mbu na buibui kwa bei moja. Kama ni nyumba ya udongo, kandika upya mahali palipopasuka baada ya mvua. Kama ni makuti, acha ndoto ya kuziba, hakuna anayeziba makuti. Hapo kazi yako ni kushusha utando mara kwa mara na kulinda kitanda.

Nne, ufagio. Ufagio mrefu wa kukomba dari, mara moja kwa wiki, pembe zote, nyuma ya kabati, chini ya kitanda. Ukiona vile vifuko vya mayai, vitoe vyote. Kazi hii rahisi inashinda mikebe mitatu. Sogeza na marundo: maboksi, nguo usizovaa, magunia. Vitu visivyoguswa ndivyo nyumba zao. Kuni zikae nje, mbali na ukuta.

Tano, kitanda. Kivute kidogo kutoka ukutani, shuka lisiburute chini, chandarua kiingizwe chini ya godoro pande zote. Hapo umejikinga na mbu, buibui, nge na mawazo yako mwenyewe kwa mpigo mmoja. Kama chandarua huna, uliza zahanati iliyo karibu. Kwenye maeneo ya malaria, utaratibu ni kwamba mama mjamzito na mtoto mchanga wapewe bure kliniki.

Sita, yule mmoja aliyekwisha kuingia. Mfunike na glasi, pitisha karatasi ngumu chini, mpeleke nje. Sekunde kumi.

Na yale mambo ya mafuta ya limau na mnanaa? Mwaka 2018 watafiti walijaribu tiba za nyumbani zinazosifiwa mtandaoni. Limau halikufanya kitu. Mnanaa uliwasumbua baadhi ya buibui waliojaribiwa, si wote. Kwa hivyo ukitaka nyumba inukie, paka, ila usiitegemee. Na tafadhali, mafuta ya taa usiyamwage kwenye pembe za nyumba. Nyumba ya makuti, jiko la mkaa na mafuta ya taa, hiyo hesabu haihitaji mwalimu.

"Lakini mimi naogopa"

Najua, na sikucheki. Kuna watu wanaoona buibui na mwili unaganda, moyo unaenda mbio, hawawezi kuingia chumbani. Huo ni woga wa kweli, haukuchaguliwa na mtu, na kumrushia rafiki yako buibui ili upate vidio ya kuchekesha ni ukatili. Kwa mtu kama huyo, njia sita za hapo juu ni zake kuliko za mtu mwingine yeyote, kwa sababu zinazuia buibui asiingie kabisa. Dawa inakuachia maiti za kufagia na wapya kesho kutwa.

Ninaowasema ni sisi tunaotengeneza maudhui. Kila mafuriko yakija, picha ya buibui mkubwa kama sahani, aliyepigwa picha bara lingine, inaandikwa "Tana River leo" na kusukumwa kwenye magrupu. Inapata maelfu ya kutazamwa. Nyanya aliye kwenye hema pale kando ya barabara anaonyeshwa na mjukuu wake na anakosa usingizi. Siku hiyohiyo, taarifa kwamba usiguse nyama ya ng'ombe aliyekufa bila kujulikana sababu, au kwamba chandarua kishushwe kabla ya magharibi, inapata watazamaji arobaini. Tunajua kinachouza. Swali ni kama tuko tayari kuuza hicho kwa watu wetu wenyewe wakiwa majini.

Tena inashangaza, maana pwani hatukulelewa kumchukia buibui. Vazi la heshima la mama zetu tulilipa jina lake. Waislamu wana sura nzima iitwayo jina lake, ya 29, na kila mtoto wa madrasa amesimuliwa kisa cha utando mlangoni mwa pango. Nyumba nyingi huku mzee akimwona mtoto anamkimbiza buibui na kiatu, atamwambia, "Muache, mwanangu, mtoe nje." Huo woga wa kupiga kelele na kutafuta mkebe tumeupata kwa skrini.

Basi leo jioni fanya kitu kimoja kabla hujanijibu. Ikifika saa moja, simama nje ya mlango wako na uangalie taa yako dakika mbili. Hesabu wadudu wanaozunguka. Kisha izime, ushushe chandarua, ulale. Na kama una mdogo wako anayelala chumba kingine, pitia umwingizie chandarua chake chini ya godoro kabla hujaingia chako.